Sikusikia Aliyoyasema Baba

Kwa kaka yangu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie hapo ulipo, wewe na huo mgongo uliosema unakusumbua tangu walipokuhamishia upande wa kubeba mbao hapo kiwandani. Natumaini umeshapata nafuu. Kama hujapata, basi angalau umeshampata mtu wa kukukanda, maana katika barua yako habari zake zimejaa kurasa mbili na mgongo umeupa mstari mmoja. Mfikishie wifi yangu mtarajiwa salamu nyingi, umwambie nina hamu ya kumwona mtu aliyekubali kuishi na wewe kwa hiari yake.

Sisi huku hatujambo. Kazi yangu ya duka la dawa inaendelea, bado nasimama nyuma ya kioo kutwa nikiwaeleza watu kwamba dawa ya kutwa mara tatu haimezwi yote asubuhi. Baba naye ni mzima. Kikohozi cha vumbi la sponji kimemwachia, anakula vizuri na anagomba vizuri, na mwenye nyumba alipokuja juzi kulalamikia kelele za nyundo alirudi kwake akiwa ameombwa radhi kwa sauti ambayo ilikuwa kubwa kuliko hiyo nyundo.

Barua yako niliipata. Niliisoma, nikairudisha kwenye bahasha, kisha nikaitoa nikaisoma tena. Uliniandikia mambo mawili. La kwanza ni kwamba unaoa, na hilo limenifurahisha mpaka mteja akaniuliza kama nimepandishwa cheo. La pili ni kwamba siku hiyo Baba Mdogo ndiye atakayesimama upande wako kama mzazi, kwa kuwa Baba hajawahi kuuliza habari zako tangu ulipoondoka. Ulisema siku Baba atakapokuuliza kwa mdomo wake mwenyewe, bila kusukumwa na mtu, nikuandikie, nawe utamwalika. Asipouliza, basi. Ukanikataza kumwambia habari za harusi, asije akauliza kwa kulazimika.

Umenipa kazi ngumu, kaka. Jibu langu si ndiyo na si hapana, ndiyo maana limechelewa, na ndiyo maana barua hii itakuwa ndefu. Nakuomba uisome taratibu, usiruke mistari kama ulivyozoea, maana ukiruka utalipita jambo lenyewe.

Kwanza nikupe habari za shule. Nimejiandikisha darasa la jioni ili nifanye ule mtihani nilioukosa wakati marehemu mama anaumwa. Tunasomea kwenye chumba cha watoto wa chekechea, kwa kuwa ndicho kinachokuwa wazi saa hizo, na viti ni vilevile vya watoto. Basi utatuona watu wazima tumekaa magoti yakiwa kifuani, dereva wa lori, muuguzi, wauza duka na mimi, na ukutani kuna picha ya bata aliyevaa kofia. Mwalimu wetu wa fasihi tumempa jina la Kwanini, kwa sababu jibu lolote utakalompa, hata lililo sahihi, anakuuliza kwa nini. Ukisema mchezo huu ni tanzia, anauliza kwa nini. Ukisema kwa sababu mhusika mkuu anaangamia mwishoni, anauliza kwa nini anaangamia. Siku moja dereva wa lori alimjibu kwamba yeye binafsi anaangamia kwa sababu ya kiti alichopewa. Mwalimu alicheka mpaka akafuta miwani, halafu akamuuliza kama hiyo sasa ni tanzia au ni futuhi, na kwa nini.

Shida yangu ni istilahi. Hadithi naielewa, mchezo naufuata, hata kulia nalia panapohusika, lakini majina ya vitu hayakai kichwani. Taharuki, kinaya, kilele, dhamira, kisengere nyuma, yote yananichanganya. Kwanini alinishauri nisome kwa sauti mbele ya mtu, na kila neno nimweleze mtu huyo kwa mfano wa nyumbani. Nami nyumbani nina mtu mmoja tu.

Kwa hiyo kila Jumapili mchana huchukua kigoda nikaenda kukaa karakanani, Baba anakotengenezea makochi. Baba hafanyi kazi Jumapili, husema anapanga vitu tu, na kupanga vitu kwake ni kung'oa misumari ya kochi zima. Mwanzoni alikuwa akiitikia mh, mh, kama mtu anayesikiliza taarifa ya hali ya hewa ya nchi nyingine. Nilipofika kwenye tashihisi, nikamweleza ni pale kitu kisicho na uhai kinapopewa tabia za binadamu, alisimama na koleo mkononi akasema kumbe yeye ni mtunzi siku zote hizi na hakuna aliyemwambia. Unamjua anavyosema: kiti hiki kimechoka, kochi hili lina kiburi, springi hii ni mvivu. Tangu siku hiyo akawa na bidii kunishinda. Nilipomweleza mhusika bapa, yule asiyebadilika tangu mwanzo hadi mwisho, alisema huyo ni mwenye nyumba wetu. Nilipomweleza mhusika duara, mwenye pande nyingi, anayebadilika kadiri mambo yanavyomkuta, aling'oa msumari mmoja, akasema watu wa namna hiyo ni wachache. Sikumuuliza yeye anajiweka wapi.

Halafu tukafika kwenye usemi wa pembeni. Labda umesahau, kwa hiyo nikukumbushe: ni pale mhusika anapogeuka kando kidogo akasema la moyoni mwake, na hadhira nzima ikasikia hadi mtu wa kiti cha mwisho, lakini mhusika mwenzake aliyesimama naye bega kwa bega asisikie kitu. Baba alikataa katakata. Alisema huo ni uongo wa mchana. Mtu anapaza sauti ya kufika barabarani, halafu wa karibu asisikie, ana nini, ametiwa pamba masikioni? Akaishika pamba yenyewe, maana ilikuwa imejaa gunia zima hapo, akanionyesha. Nikamwambia ni makubaliano tu. Waigizaji wamekubaliana na watazamaji kwamba maneno hayo hayasikiki, na wote wanayaheshimu. Akasema makubaliano ya namna hiyo hayawezekani kwa viumbe wenye masikio. Nikamwambia tujaribu.

Tukaweka kanuni. Anayetaka kusema la pembeni anaweka kiganja kando ya mdomo, ijulikane. Aliyepo hasikii: hajibu, hacheki, hanuni, wala kesho hakumbushii. Baba alianza palepale. Aliinua kiganja akaliambia kabati la vitambaa kwamba mchuzi wa jana ulikuwa na chumvi ya kutosha kuhifadhia ngozi. Niliuma midomo nikaendelea kusoma. Baada ya muda nami nikaweka kiganja, nikaliambia dirisha kwamba kuna mzee fulani anakoroma mpaka vikombe vinagongana kabatini. Baba aligonga msumari wake, uso mkavu kabisa, kama mtu aliyeko peke yake duniani. Nikajua hapo kwamba mchezo umemkolea.

Nikwambie ukweli, kaka, nyumba hii haikuwa na maneno tangu uondoke. Tulikuwa tunaambiana chakula tayari, mlango umefungwa, maji yamekatika, na siku imeisha. Usemi wa pembeni ulitufungua midomo. Nikijua hatanijibu, nilisema kwamba kazi inanichosha na naogopa mtihani. Naye akijua sitamjibu, alisema kwamba Jumapili zimekuwa fupi siku hizi. Nilikuwa nakwenda kulala nimefurahi, na sikumwambia, kwa sababu sikuwa nimesikia.

Kosa lilitokea tulipozoea mno. Alikuja mama mmoja, mkunga mstaafu, na kochi lake la watu watatu, akachagua kitambaa cha maua makubwa, mekundu kwa njano. Baba akachukua vipimo kwa heshima zote. Kisha akageuka kando, kiganja mdomoni, akasema kwa sauti yake ya kawaida kwamba kochi hili likivishwa maua hayo wageni watadhani wamekalishwa juu ya kaburi jipya. Akarudi kwa mama wa watu akitabasamu, akamuuliza kama atapenda na mito. Na mimi niliyekuwepo sikushtuka hata kidogo, nilikuwa nimezoea kutosikia. Yule mama akauliza kaburi la nani. Baba alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyedukuliwa mambo yake ya siri, akamuuliza amesikiaje.

Ilibidi nitoke mbele nimweleze mteja somo zima, kuanzia jukwaa hadi kiganja. Alisikiliza mpaka mwisho bila kutikisika. Kisha akaweka kiganja chake kando ya mdomo, akaiambia barabara kwamba fundi huyu ana wazimu lakini mkono wake ni mzuri. Baba hakusikia. Kochi lilitoka na kitambaa cha kijani kilichotulia, na yule mama ameshatuletea jirani yake.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Jumapili moja nilikuwa nasoma habari za kisengere nyuma, yaani pale msimulizi anapoacha yanayotokea sasa akarudi kwenye yaliyopita ili tuelewe. Baba akaniomba mfano wa nyumbani. Kichwani mwangu mfano ulikuwa mmoja tu, na sikuthubutu kuutaja. Wewe unaujua, lakini hukuuona kutoka mahali nilipokuwa nimesimama, kwa hiyo acha nami niingize kisengere nyuma changu hapa.

Ni siku ile ya kiti cha hakimu. Baba alikuwa amekimaliza, hakimu mwenyewe amekuja kukichukua, na wewe ukaingia ukitoka kununua misumari. Ulikitazama mara moja tu, ukasema mbele ya mwenye mali kwamba mshono wa mgongoni umepinda. Ukachukua kisu, ukakichana kitambaa, ukakishona upya pale pale, mshono ukanyooka kama uzi wa timazi. Hakimu akakusifu. Baba alingoja mteja aondoke, ndipo akakuambia karakana hii ina fundi mmoja. Ukamjibu kwamba ni kweli, na kila mtu ameona ni nani. Jioni hiyo ulifunga mfuko wako wa vifaa ukaondoka. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la chai. Wewe ulikuwa umempa Baba mgongo unashona, mimi nilikuwa namwona uso. Hakuwa na hasira, kaka, si mwanzoni. Alikuwa ameona haya.

Basi Jumapili ile nilimpa mfano mwingine wa ovyo, wa mtu aliyekumbuka alikoacha funguo. Baba aliendelea kusokomeza pamba kwenye mkono wa kiti. Kisha nikaona kiganja kinapanda. Alikiambia kile kiti kwamba mshono wa kiti cha hakimu ulikuwa umepinda. Akasema kijana alisema kweli. Akasema macho yalikuwa yameanza kumdanganya muda mrefu kabla ya siku ile, mstari mmoja anauona miwili, anachagua mmoja na kumwomba Mungu uwe ndio wenyewe. Alikuwa anangoja siku nzuri amwombe mwanawe awe anampimia, mambo yabaki baina yao, lakini mwanawe akawahi kusema mbele ya mteja. Akasema siku ile aliyafukuza macho mazuri yaliyokuwa yamebaki karakanani. Kisha akashusha kiganja, akaniuliza neno linalofuata ni lipi.

Lilikuwa kilele. Nililisoma na maana yake. Sikuinua macho, kwa kuwa kanuni ni kanuni.

Tangu hapo haikupita Jumapili asikutaje, na kila mara kiganja kiko juu. Amewahi kusema kwamba hakuna anayejua kukunja kona za kitambaa kama wewe. Amewahi kusema kwamba siku hizi anavaa miwani, na hapa usicheke, namaanisha miwani ya vioo. Ameificha kwenye kopo la misumari mikubwa, na huivaa nikiwa nimekwenda kazini. Mara nyingine alisema tu kwamba mvua zimeanza, na hajui kama kijana ana koti. Mimi nilikuwa nikigeuza kurasa.

Nilimuuliza Kwanini kama inawezekana mhusika akafanya jambo kwa sababu ya maneno ya pembeni ya mwenzake. Akaniuliza kwa nini. Nikasema nataka kujua tu. Akanijibu haiwezekani, kwamba akifanya hivyo mchezo umevunjika, na yule aliyesema hatathubutu tena kufungua moyo. Jibu hilo lilinifunga mikono. Nikikuandikia, nitakuwa nimemsaliti Baba, naye atafunga mdomo, tutarudi kwenye mlango umefungwa na maji yamekatika. Nisipokuandikia, Baba Mdogo atasimama mahali pa Baba, na jambo la namna hiyo likishafanyika halifanyiki upya. Nilizunguka nalo kazini mpaka nikampa mteja mmoja dawa ya macho badala ya kikohozi. Bahati nzuri alikuwa mtu wa kusoma maandishi ya chupa.

Jumapili iliyopita tulifika kwenye kinaya cha jukwaani. Ni pale watazamaji wanapojua jambo ambalo mhusika halijui, naye anatembea mbele yao akijiona mambo yake yako sawa. Nilimsomea Baba huku roho inaniuma, maana kwa hesabu zangu mhusika huyo alikuwa yeye. Mimi najua unaoa, Baba Mdogo anajua, na yeye kakaa hapo anashona mto bila habari. Baba alikata uzi kwa meno. Kiganja kikapanda. Akakiambia kiti kwamba kijana anaoa, na dada yake anadhani yeye hajui.

Kumbe mhusika asiyejua nilikuwa mimi.

Baba Mdogo alikuwa amekuja nikiwa kazini. Unajua tunavyosema kwamba mdomo wake hauna breki, lakini safari hii tusimcheke. Hakuja kumwaga siri, alikuja kuomba ruhusa. Alimwambia Baba kwamba hawezi kusimama mahali pa kaka yake kwa kuibia. Baba akampa ruhusa. Na kwa kuwa Baba Mdogo hana koti la maana, Baba akafungua sanduku akampa lake, lile la kijivu alilovaa siku ya kumwoa mama. Haya yote alikisimulia kiti polepole, sindano inaingia na kutoka. Akasema amelipunguza mikono ili limkae vizuri mdogo wake. Akamalizia kwamba koti litafika harusini, mwenye koti atabaki hapa na viti.

Mwenyewe unajua mikono ya Baba ilivyo mirefu. Koti likishakatwa hivyo halimwingii tena. Nililia, kaka. Niliinamia kitabu machozi yakidondoka, na Baba hakuona, kwa kuwa mimi nilikuwa sijasikia. Tulikaa hivyo mpaka jua likaondoka dirishani, yeye anashona, mimi nafuta ukurasa kwa kiganja cha mkono.

Juzi darasani, wenzangu walipokuwa wanakusanya madaftari, nilimrudia Mwalimu na swali la pili. Nilimuuliza usemi wa pembeni ukisemwa na ukumbini hakuna mtu, unakuwa kitu gani. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia kwa sababu ninaye mtu wa namna hiyo nyumbani. Ndiyo siku ya kwanza niliyomwona Kwanini akitosheka na jibu. Alivuta kimojawapo cha vile viti vidogo akakaa, akaniambia usemi wa pembeni hauwi bila hadhira. Mtu anayejisemea peke yake hana haja ya kuweka kiganja, huo ni uzungumzi nafsi, ataongea wazi tu. Anayeweka kiganja anamficha mmoja ili amwambie mwingine. Akasema nikatafute hadhira imekaa upande gani.

Nilitembea kurudi nyumbani nikilitafuta jibu. Si mimi, mimi ni mhusika mwenzake na masikio yangu yamefungwa kwa makubaliano. Si vile viti, kwani Baba akitaka kusema na viti husema navyo kutwa bila kiganja. Nilipofika mlangoni nilikuwa nimeshajua. Hadhira ni wewe. Muda wote huu Baba alikuwa anasema na wewe, kwa sauti ya kufika kiti cha mwisho, na wewe umekaa mbali kuliko kiti cha mwisho. Mtu pekee ambaye angeweza kukufikishia ni yule ambaye hakutakiwa kusikia.

Basi nakiri mbele yako kwamba nimeivunja kanuni. Yote niliyokuandikia hapa nilikula kiapo cha kutoyasikia, na Baba aliyasema kwa kuwa aliniamini. Kama atanuna, nitamvumilia. Kama atanyamaza tena, hiyo itaniuma sana, maana nimempenda Baba wa Jumapili kuliko nilivyowahi kumpenda. Lakini siwezi kukaa na maneno yako mfukoni mwangu wakati wewe unahesabu kwamba hakuna lililosemwa.

Hukumu sasa ni yako. Ulisema kwa mdomo wake mwenyewe, na mdomo ulikuwa wake. Ulisema bila kusukumwa, na hakuna aliyemsukuma, mimi nilikuwa nasoma istilahi. Kiganja kilikuwepo, sikatai. Ila kama kiganja kinaharibu masharti yako, basi nitajua kwamba kuna kichwa kigumu kuliko cha Baba, jambo ambalo sikudhani linawezekana.

Nilikuwa nimeishia hapo, leo Jumapili, mezani sebuleni, nikitafuta namna ya kukuaga, mara Baba akaingia kutoka karakanani. Alishangaa kwamba saa ya kusoma imefika na mimi sijatokea. Sikuificha karatasi. Akasimama nyuma ya kiti changu, nikasikia harufu ya gundi. Kwa pembe ya jicho nikaona kiganja kinaanza kupanda, nami nikainamisha kichwa, tayari kutosikia. Nikangoja. Nilipogeuka, mkono ulikuwa umeishia usawa wa kifua, anautazama kama si wake. Kisha akaushusha. Akanitazama machoni, mimi, akaniuliza, "Kaka yako hajambo?"

Nikamwambia hujambo. Akauliza kama unakula vizuri huko. Akauliza huyo binti jina lake nani, anafanya kazi gani, wazazi wake wazima, na mnasikilizana. Akauliza kazini kwenu wanashona kwa mkono au ni mashine tupu. Aliuliza mpaka nikaishiwa majibu, nikamwambia mengine akuulize mwenyewe. Amevuta kiti, amekaa hapa kando yangu, na yaliyobaki ananiambia yeye niandike.

Anasema mshono ule ulikuwa umepinda. Anasema hilo nilikwishaliandika bila shaka, maana ananijua, lakini niliandike tena kwa kuwa sasa amesema yeye. Anasema koti lake ameshalitoa na hawezi kumnyang'anya mdogo wake, kwa hiyo ukimwalika atakuja na shati tu. Anauliza kama utaona haya.

Sisi wote tunakusalimu, wewe na huyo binti wa watu. Ukijibu, na ujibu upesi, juu ya bahasha usiandike jina langu. Andika lake.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Dada yako